Juzuu la Tano

Mwalimu Honoka alipomaliza miaka yake miwili ya hesabu
aliacha sufuria, chandarua, baskeli isiyo na breki
na katuni tatu za kwao: juzuu la tatu, la nne, la saba.
Sufuria waligombania walimu.
Katuni nikapewa mimi, karani wa mizani ghala la korosho,
kwa kuwa, alisema mkuu wa shule, wewe Somoe unapenda makaratasi.

Wiki nzima nilimsoma msichana anayekwenda kinyumenyume:
anashuka kwenye baskeli, ndipo anapanda;
tofu, ambayo mpaka leo naiona sabuni ya kuliwa,
inatoka kinywani mwa mteja, inarudi dukani;
machozi yanapanda shavu, yanaingia jichoni, yanakwisha.
Nikasema, watu hawa wana huzuni ya ajabu.

Baba akaninyang'anya.
Baba hasikii. Mashine ya kubangulia
iliyachukua masikio yake, moja, kisha la pili, bila fidia.
Akakigeuza kitabu, akakianza upande wa kulia,
kidole kikienda kushoto kama chuoni kwa Maalimu Chitanda,
na ukurasa wa pili akacheka.
Mimi na kamusi yangu ya simu
bado tulikuwa tunalitafuta neno la kwanza.

Herufi zao kubwa zina vijiti vingi kama tita la kuni,
ila ubavuni mwa kila moja wamembebesha mtoto,
herufi ndogo, nyepesi,
na huyo mtoto ndiye anayemtajia mama yake jina.
Naandika nyuma ya stakabadhi zilizoharibika:
ka, ki, ku, ke, ko.
Irabu ni zetu zilezile tano,
zimehama tu, zimeolewa mbali.

Kasa kwao ni mwavuli.
Saba ni kibua.
Nani si mtu, ni kitu: wanauliza nini.
Hana ni ua. Hapo nilifunga kitabu.
Yule tunayemsema hana mbele hana nyuma,
kumbe huko ni ua mbele, ua nyuma,
na msimu huu, bei ilipotangazwa,
Newala nzima tulikuwa bustani.

Na mimi ni sikio.
Nilimwandikia Baba kwa chaki ubavuni mwa gunia:
MIMI = SIKIO.
Akasoma. Akanivuta ndewe,
akasema kwa ile sauti kubwa asiyoweza kuipima,
"Hilo nalijua siku nyingi."

Juzuu la saba lina ukurasa mmoja:
msichana yuko mlangoni, duka limefungwa, mvua imekatika,
na hewani, kwa herufi nene, wameandika shiiin.
Kamusi haikulijua.
Nikadhani jina la mtu, la mbwa, la mlima.
Nikalitamka ghalani peke yangu, shiiin,
panya akasimama.
Ni Baba tena, kwa kuitazama picha tu.
"Hakuna sauti," alisema. "Wamepachora pasipo na sauti."

Jii.
Tunayo na sisi: kimya jii.
Nimeisema maisha yangu yote
nisifikiri kwamba kimya kina mlio,
wala kwamba ninayekula naye sahani moja
anausikia mwaka wa kumi na tisa sasa.

La tano na la sita hayapo.
Baba anashikilia duka lilifungwa kwa sababu mnunuzi hakulipa.
Mimi nasema mama wa msichana alifariki.
Tunabishana kwa mikono,
umeme ukikatika tunabishana kwa tochi.
Jirani, bibi Nantumbo, aliniuliza: ndiyo unakwenda Japani?
Nikamwambia naenda ukurasa wa arobaini na moja.

Nimefika.
Msichana amefungua kinywa, anataka kusema.
Ni herufi moja, vijiti kumi na vinne nimevihesabu,
na mtoto wake ubavuni
amefutwa na bati letu linalovuja.
Kesho, mizani ikifungwa,
nitamuuliza Baba.